Andikeni Tarehe ya Kurudi

Shemeji yangu bado analo lile daftari. Ni daftari la shule, jalada la bluu lililofifia, kona zimejikunja, na ndani yake wauguzi na madaktari wa hospitali mbili wameandika kwa Kifaransa cha haraka haraka. Nililifungua mezani kwake Gitega, nikapekua ukurasa kwa ukurasa. Siku aliyojifungua Muyinga. Damu iliyomtoka. Siku mbili bila tone la mkojo. Gari la wagonjwa hadi Bujumbura. Mara nne kusafishwa damu. Kisha maneno ya mwisho: figo zimeamka, mgonjwa ameruhusiwa, apumzike, anywe maji. Chini yake sahihi na muhuri. Baada ya hapo kurasa ni nyeupe hadi mwisho wa daftari.

Kurasa hizo nyeupe ndizo zilizonifanya niandike makala haya.

Kwa sababu miaka minne baada ya muhuri ule, akiwa amehamia Gitega na anauza mchele na maharagwe sokoni, alibeba mimba ya pili. Kwenye kliniki ya wajawazito walimuuliza kama amewahi kupata ugonjwa mkubwa, akajibu hapana. Hakudanganya. Kwa ufahamu wake aliugua, akatibiwa, akapona, na mtu aliyepona hana ugonjwa. Mwezi wa saba miguu ilivimba, presha ikapanda, mkojo ukaonekana na protini, na mtoto akatolewa kabla ya wakati wake. Mama na mtoto wako hai, namshukuru Mungu. Lakini daktari aliyempokea, aliposikia habari za Muyinga, alinyamaza kidogo, akauliza: "Miaka yote hii, nani alikuwa anakufuatilia?"

Hakuna aliyekuwa anamfuatilia. Na simlaumu mtu mmoja mmoja kwa hilo, maana waliomwokoa walifanya kazi kubwa. Nakumbuka muuguzi wa zamu ya usiku kule Bujumbura, jinsi alivyokata chupa ya maji ya kunywa, akaichora mistari kwa kalamu ya wino ili apime mkojo wa mgonjwa wake. Siku nyingi chupa ile ilikuwa kavu. Asubuhi moja ikawa na vidole viwili vya mkojo mweusi kama chai iliyokolea, na sisi ndugu tuliokuwa koridoni tulikumbatiana kama watu waliopata mtoto. Hatukujua kwamba kazi ilikuwa imefika katikati tu.

Kwa muda mrefu hata vitabu vya udaktari viliamini kama tulivyoamini sisi koridoni. Mgonjwa wa kwanza kuokolewa na mashine ya kusafisha damu, mwanamke wa miaka 67 huko Kampen, Uholanzi, mwaka 1945, alikuwa na tatizo hilihili la figo kusimama ghafla. Daktari Willem Kolff alimsafisha damu, figo zikaanza kazi tena, akaishi miaka mingine kadhaa. Ushindi wa namna hiyo ulijenga imani kwamba figo iliyosimama ghafla ikishaamka, imeamka kabisa, na mgonjwa anarudi alivyokuwa.

Imani hiyo imevunjika katika miaka kama 15 iliyopita. Watafiti walipoanza kuwafuatilia watu kwa maelfu baada ya kuruhusiwa, waliona kuwa waliowahi kuumia figo ghafla hupata ugonjwa sugu wa figo, shinikizo la damu na maradhi ya moyo zaidi kuliko wenzao, na hufa mapema zaidi. Si wote. Wengi huishi vizuri, na ningependa msomaji aliyepitia haya ashike neno hilo kwanza kabla ya kuogopa. Ila hatari ni ya kweli, tena mara nyingi haina dalili. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa madaktari wa figo, KDIGO, uliotolewa mwaka 2012, unaelekeza kwamba kila aliyeumia figo ghafla apimwe tena baada ya miezi mitatu: je, figo zimerudi kamili, zimebaki na upungufu, au tatizo lililokuwepo limezidi?

Watu wa milimani watanielewa nikisema habari ya ingobyi, ile machela ya kusuka ambayo wanaume humbeba nayo mgonjwa mabegani kutoka kilimani hadi barabarani. Tuseme imebebwa na wanane. Njiani wawili wanateguka miguu, wanabaki nyuma. Ingobyi haianguki. Sita waliobaki wanajipanga upya, wanasonga, na anayetazama kutoka ng'ambo ya bonde hajui kama kuna waliopungua. Figo nayo ndivyo ilivyo. Kila moja ina vichujio vidogo karibu milioni moja. Damu ikipungua mwilini, au sumu ikipita, vingine huumia vikapona, vingine hufa na kuacha kovu, na kichujio kilichokufa hakioti tena. Vilivyobaki hubeba mzigo wa wenzao. Mkojo unatoka, kipimo cha kreatinini, ule uchafu wa damu unaoondolewa na figo, kinashuka, watu wanapongezana. Lakini mabega ya waliobaki yanachubuka mwaka hadi mwaka, na hao nao huanza kuachia mmoja mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo linatuhusu sisi kuliko Wazungu waliotunga vipimo hivi. Kreatinini hutoka kwenye misuli. Mtu aliyekonda kwa ugonjwa wa wiki nyingi, misuli imeisha, atatoa kreatinini kidogo, na karatasi ya maabara itasoma vizuri hali figo bado haziko sawa. Tukumbuke pia kwamba utafiti wa kitaifa wa afya wa Burundi wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta watoto 56 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Vichujio vya figo mtoto huvipata tumboni mwa mama yake. Anayezaliwa na uzito mdogo huja duniani na vichache kuliko wenzake, na baada ya kuzaliwa haongezewi. Huyo ameanza safari na wabebaji sita tangu mwanzo. Malaria kali ikimwondolea wawili, hesabu yake si sawa na ya mtoto wa Uholanzi.

Na malaria haijawahi kutuonea haya. Mwaka 2000 na 2001 ilipanda hadi nyanda za juu za Karuzi, Kayanza na Ngozi, ikakuta watu ambao miili yao haikuizoea. Mwezi Machi 2017 serikali ilitangaza tena kwamba imekuwa janga la nchi nzima. Mama yeyote wa Muyinga anajua kumtambua mtoto aliyezidiwa: homa, macho ya njano, pumzi za haraka, na wakati mwingine mkojo wa rangi ya kola. Rangi hiyo ni chembe nyekundu za damu zilizopasuka na kupita kwenye figo, na figo huumia katika kuzichuja. Mashariki mwa Uganda madaktari wamekuwa wakiwaona watoto wengi wa namna hiyo.

Kampala, katika Hospitali ya Mulago, watafiti waliwafuatilia watoto waliougua malaria kali na kuchapisha matokeo mwaka 2019. Zaidi ya theluthi moja walikuwa wameumia figo walipolazwa. Hao ndio waliokufa zaidi wodini, na miongoni mwa walionusurika, hao ndio walioonekana zaidi na dalili za ugonjwa sugu wa figo mwaka mmoja baadaye. Tena walipopimwa uwezo wa akili walikuwa nyuma ya wenzao. Nilipolisoma hilo la akili niliweka karatasi chini. Ni watoto wangapi wa Gitega na Muyinga walioitwa wazito darasani, wakachapwa, wakarudishwa darasa, na hakuna aliyewahi kuuliza kama waliwahi kulazwa?

Njia nyingine za kuumia figo tunazijua. Kipindupindu, ambacho Wizara ya Afya ya Burundi ilikitangaza tena Bujumbura mwezi Januari 2023, hukausha mwili kwa saa chache. Kifafa cha mimba. Damu inayotoka baada ya kuzaa. Uchungu uliokwama siku mbili tatu, ambao pia huacha fistula. Gitega inalijua hilo, kwa kuwa Madaktari Wasio na Mipaka walifungua hapo kituo cha Urumuri mwaka 2010 kuwatibu wanawake wa fistula kutoka nchi nzima. Dawa za kienyeji zinazonywewa bila kipimo. Na dawa za dukani pia: mwaka 2022 kule Gambia watoto wapatao 70 walikufa kwa figo kushindwa kazi, na Shirika la Afya Duniani likanyooshea kidole dawa za kikohozi zilizokuwa na sumu.

Kuhusu siku zenyewe za hatari, takwimu ni chungu. Jarida la Lancet Global Health lilichapisha mwaka 2016 mapitio ya tafiti za Afrika kusini mwa Sahara. Kwa jumla theluthi moja hivi ya walioumia figo ghafla walikufa, watoto kwa watu wazima. Lakini kwa waliohitaji kusafishwa damu wakakosa, walikufa watoto 73 na watu wazima 86 kati ya kila 100. Sababu zilizotajwa ni zile tunazoishi nazo: kuchelewa kufika, vifaa kukatika, fedha kukosekana.

Burundi, mashine za kusafisha damu zimekuwa mali ya Bujumbura kwa miaka mingi. Kutoka Gitega ni karibu kilomita 100 za kona. Kutoka Muyinga, kupitia Ngozi na Kayanza, ni karibu 200. Wapo wa Muyinga wanaovukia Kobero, wakapita Ngara hadi Mwanza, kwa kuwa wana ndugu huko na wanajua lugha. Wa kaskazini waliokuwa wakitazama Butare na Kigali nchini Rwanda, mpaka ulifungwa upande wetu Januari 2024. Ongeza shida ya mafuta ya miaka hii, magari yanayolala kituoni siku mbili yakisubiri petroli, na utaelewa kwa nini siku mbili za shemeji yangu bila mkojo hazikuwa uzembe wa familia.

Hapa naomba nitoe maoni yangu waziwazi. Gitega ni mji mkuu wa kisiasa wa nchi tangu mwaka 2019. Inastahili kuweza kumsafisha damu mtu aliyeumia figo ghafla, na si lazima ianze na mashine inayokula lita 120 za maji safi kwa kikao kimoja cha saa nne na umeme usiokatika. Ipo njia ya kusafisha kupitia tumbo: mrija unapitishwa ukutani mwa tumbo, maji ya dawa yanaingizwa, yanakaa, yanatolewa na uchafu. Haihitaji umeme. Hospitali ya KCMC, Moshi, ilianza kuitumia kwa wagonjwa wa namna hii mwaka 2009, na wengi wa wale wa mwanzo walirudi nyumbani kwa miguu yao. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2014 ilikubali hata maji hayo yatengenezwe hospitalini kwa uangalifu kutokana na dripu za kawaida, pale ambapo ya kiwandani hayapatikani. Na tofauti na ugonjwa sugu, ambao humfunga mtu kwenye mashine maisha yake yote, jeraha la ghafla mara nyingi linahitaji siku au wiki chache tu. Huu ni msaada wenye mwisho. Rwanda ililiona hilo, bima yake ya jamii ikakubali kulipia wiki chache kwa walioumia ghafla hata wakati ilipokuwa haiwezi kuwalipia wagonjwa sugu.

Lakini hata hilo likifanyika kesho, kurasa nyeupe za daftari zitabaki nyeupe. Ndiyo maana sitaki kumalizia kwenye mashine.

Tarehe 1 Mei 2006, Burundi ilitangaza matibabu ya bure kwa watoto walio chini ya miaka mitano na kwa mama wanaojifungua. Ulikuwa uamuzi wa heshima, na umeokoa watu. Ila tazama ulivyokatwa. Mtoto aliyeumia figo akiwa na miaka minne ametibiwa bure. Miguu ikimvimba akiwa na kumi, analipa. Mama aliyetokwa na damu siku ya kuzaa amehudumiwa bure. Siku za uzazi zikishapita, presha iliyobaki ni yake na mfuko wake. Serikali imelipia siku ya moto, nayo miaka ya majivu imeachiwa familia.

Na familia zinaogopa kurudi hospitali, tena zina kumbukumbu. Mwezi Septemba 2006 Human Rights Watch ilichapisha ripoti kuhusu wagonjwa wa Burundi waliozuiliwa wodini kwa wiki na hata miezi kwa sababu hawakuweza kulipa. Mambo yamebadilika kwa kiasi, kadi ya matibabu ya faranga 3,000 imesaidia wengi, lakini hofu haiondolewi kwa karatasi. Mtu aliyetoka hospitali akiwa ameuza mbuzi na kipande cha shamba la migomba hatarudi mwenyewe baada ya miezi mitatu, akiwa anajisikia mzima, kwenda kutafuta ugonjwa. Atarudi akiambiwa. Atarudi akipewa tarehe.

Kwa sababu watu wetu wanaheshimu tarehe. Pitia kituo chochote cha afya Muyinga asubuhi ya siku ya chanjo uone kina mama waliotembea saa mbili na mtoto mgongoni, karatasi ya chanjo imefungwa kwenye pindo la kitenge ili isilowe. Pitia siku ya dawa za kurefusha maisha. Watu wa kifua kikuu wanakwenda miezi sita mfululizo. Hakuna aliyewafundisha elimu ya vichujio; waliandikiwa siku, wakaambiwa kwa nini, na kule kilimani mremeshakiyago, mhudumu wa afya wa jamii, anajua nani hakwenda. Njia hiyo ipo tayari. Walioumia figo hawajawekwa ndani yake, basi.

Na siku hiyo ikifika kifanyike nini? Presha ipimwe. Kijiti kichovywe kwenye mkojo kuona kama kuna protini. Damu kidogo ipelekwe hospitali ya wilaya kwa kipimo cha kreatinini. Presha ikiwa juu, vidonge vyake ni vya bei nafuu na vipo. Mgonjwa aambiwe ajiepushe na diklofenaki na ibuprofeni, zile za karatasi ya vidonge kumi ambazo mkulima aliyeinama na jembe kutwa nzima humeza jioni kama peremende, na akiugua kuhara asisubiri nyumbani. Mwanamke aambiwe kwamba mimba ijayo lazima ijulikane mapema. Madaktari wa Boston walichapisha mwaka 2017 hesabu ya wanawake waliowahi kuumia figo ghafla na kuonekana wamepona kabisa: 23 kati ya kila 100 walipata presha ya hatari ya mimba, dhidi ya 4 kwa wenzao. Nilipoisoma hesabu hiyo nilimwona shemeji yangu ndani yake.

Najua nitaambiwa nini. Madaktari wanaihama nchi, vitendanishi vinaisha, wauguzi wawili wanabeba wodi ya watu 60, na wewe unaongeza kazi. Nimelifikiria sana hilo, na sioni kama ni kuongeza. Yule aliyekosa kipimo cha miezi mitatu hatoweki. Atarudi hospitali hiyohiyo baada ya miaka sita au kumi, safari hii figo zikiwa zimekwisha kabisa, na wakati huo dawa ni mashine mara mbili au tatu kwa wiki hadi kufa, gharama ambayo familia ya Gitega haiwezi hata kuianza. Mwezi Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio lake la kwanza kuhusu afya ya figo. Nchi zimekubaliana Geneva kwamba jambo hili ni lao. Wizara yetu inaweza kulitekeleza kwa mstari mmoja kwenye karatasi ya kumruhusu mgonjwa, na kwa kuurefusha ule msamaha wa 2006 hadi ufunike kipimo hicho cha miezi mitatu na kile cha mwaka mmoja kwa mtoto na kwa mama.

Shemeji yangu sasa anakwenda kila baada ya miezi minne. Ukurasa wa kwanza kati ya zile nyeupe umeshajaa: presha, protini, kreatinini, na chini kabisa, kwa kalamu nyekundu, siku ya kurudi. Figo zake zimebaki na upungufu. Anameza kidonge kimoja asubuhi, anauza mchele wake, na yule wa Muyinga, aliyezaliwa siku ile ya damu, anasoma.

Daktari, muuguzi, unayegonga muhuri wa kuruhusu: andika tarehe. Na wewe ndugu wa mgonjwa, usimtoe mtu wako getini kabla hujaiona imeandikwa. Kama aliumia figo miaka ya nyuma na hakuna aliyewahi kumwambia arudi, mpeleke wiki hii na daftari lake.